Risala ya Mifuko Kumi na Mmoja ya Risiti

Mgeni rasmi, Meneja wa Ofisi ya Kodi. Maofisa uliofuatana nao. Wapangaji wenzetu wa milango kumi na mmoja. Na nyinyi wateja mliokuja kuchukua nguo mkakuta viti vimepangwa:

Kabla ya karibu, kiapo. Yote utakayosomewa humu ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata punje. Tunaapa mapema kwa sababu mwandishi wa risala hii anajulikana uchochoro mzima, na tusingeapa, nusu ya waliokaa hapa wangeanza kucheka kabla ya ukurasa wa pili. Mwandishi ni dobi wetu mstaafu. Hakuna anayemwita kwa jina lake, anaitwa Babu Pasi. Shule aliiacha mapema, mengine akajifundisha kwa kusoma magazeti ya kufungia nguo za wateja, ndiyo maana habari nyingi anazijua nusu. Kikao cha umoja wetu kilimpa kalamu kwa sharti moja, kwamba asiandike "mimi" mahali popote, maana akianza na mimi hamalizi. Kwa hiyo humu ndani naye ni "yeye" kama mtu mwingine yeyote, na sisi ni sisi.

KARIBU UKAE

Karibu, mgeni rasmi. Kiti ulichokalia kina mguu mmoja mfupi, lakini fundi viatu ameukazia kipande cha soli, egemea bila wasiwasi. Meza iliyo mbele yako tumeifunika kitambaa cha heshima, ila ukikiinua utakuta ni meza ya kupigia pasi, imeungua pembeni mahali pawili. Hatukukuweka hapa kwa kukosa ukumbi. Hapa ndipo ofisi yako ilipokuwa ikikaa zamani, na hilo ndilo tunaloanza nalo.

TULIKOTOKA

Siku hizo ofisi ya kodi haikuwa na ngazi wala mashine ya kutoa namba za foleni. Ilikuwa na miguu miwili, mkoba mmoja, na miwani iliyofungwa uzi upande wa kushoto. Sisi tulimwita Bwana Makadirio. Alikuja mara moja kwa mwaka, akapita mlango kwa mlango, akaishia kwa Babu Pasi kwa sababu meza ya dobi ilikuwa ndefu kuliko zote na chumba kilinukia wanga na mvuke, harufu ambayo alisema inampa akili. Akikaa, alikunja mikono ya shati mara mbili, akauliza swali lake moja, hilohilo kila mwaka, kwa kila karatasi:

"Hii imelisha duka au imelisha nyumba?"

Kodi yote, mgeni rasmi, tulifundishwa kwa swali hilo. Pango la mlango limelisha duka, litoe kwenye mapato. Uzi, wanga, taa ya dukani, mshahara wa msaidizi, vyote vimelisha duka. Ada ya mtoto imelisha nyumba, hata kama mtoto huja dukani kufanya hesabu zake za shule juu ya meza ya kazi. Suti ya harusi imelisha nyumba, hata kama fundi aliyeinunua ataivaa siku moja kazini kwa makusudi. Cherehani ikichakaa, uchakavu wake nao una hesabu yake, mwaka kwa mwaka.

Babu Pasi alijifunza kwa gunia la mkaa. Alikuwa ameandika gunia zima kuwa ni gharama ya kazi.

"Lote hili ni la pasi?" Bwana Makadirio akauliza.

"Lote, bwana."

"Na chai uliyonikaribisha asubuhi, imechemka kwa nini? Kwa maneno yako?"

Babu Pasi akanyamaza, jambo lililotokea mara chache sana katika historia ya uchochoro huu. Bwana Makadirio akaenda mlango wa pili kuazima chaki kwa fundi cherehani wa wakati huo, akarudi, akapiga mstari kwenye gunia.

"Chini ya mstari ni mkaa wa pasi, nautoa kabla sijakukata kodi. Juu ya mstari ni mkaa wa sufuria, huo ni wako na mkeo. Mwakani piga mstari mwenyewe, nisije kuazima chaki tena."

Tangu siku hiyo kila gunia lililoingia kwa dobi lilikuwa na mstari wa chaki. Mkewe, ambaye sasa hatunaye, alikuwa akiupima kwa mkono, akidai kila mwaka mstari unapanda juu kidogo na sufuria yake inanyimwa haki.

Mwaka uliofuata Babu Pasi alimwandika paka wake kuwa mlinzi wa nguo za wateja dhidi ya panya, mshahara wake vichwa vya samaki. Bwana Makadirio hakukataa papo hapo. Alisema mlinzi ahojiwe. Akakaa na paka saa nzima, kalamu mkononi, na paka akalala muda wote huku panya akipita kwenye kamba ya nguo kama mkaguzi. Mwisho Bwana Makadirio akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Mtumishi amekutwa amelala zamu. Gharama haikubaliki.*

Sasa tufike kwenye risiti, mgeni rasmi, maana ndizo zilizotuita hapa. Risiti za wakati huo ziliandikwa kwa mkono, na karatasi ya kaboni chini yake. Zilikaa kwenye mifuko ya aproni, chini ya masufuria, ndani ya viatu visivyo na mwenyewe. Za kinyozi zilikuja na nywele. Mwaka mmoja Babu Pasi aliona haya kumpa mtu wa watu karatasi zilizokunjwakunjwa, akazipiga pasi. Bwana Makadirio alipita na kiganja juu ya ile ya kwanza, taratibu, kama anayepapasa kitambaa dukani.

"Miaka yote," akasema, "nimesoma karatasi zenye uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Leo nasoma gazeti."

Maneno hayo yalitosha. Mwaka uliofuata uchochoro mzima ulileta risiti zake. Yule fundi cherehani alishona mifuko kumi na mmoja kwa vitambaa vilivyobaki, kila mlango na rangi yake: wa kinyozi mistari ya pajama, wa mgahawa maua ya pazia, wa fundi viatu turubai. Mwenye risiti alizipanga na kuzilaza mwenyewe, akafunga mfuko kwa utepe. Kanuni ikawa hiyo: mfuko huja umefungwa, hupigwa pasi umefungwa, hurudi umefungwa. Babu Pasi hakuchungulia kamwe mtu amenunua nini na kwa nani. Alitandika kitambaa kibichi, akaiweka pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba mbele, akaiacha ilale pale kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha akageuza mfuko upande wa pili akanywa kikombe kingine. Vikombe ishirini na viwili kwa usiku mmoja. Alikuwa akisema kodi ya taifa hili imejengwa juu ya kibofu chake.

Siku Bwana Makadirio alipokuja kwa mara ya mwisho, Babu Pasi alimpigia pasi shati bure, la kuvaa siku ya kuagwa kazini. Akakataa. Akalipa, akasimama mlangoni na shati mkononi akidai risiti. Alipopewa akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani. Hakurudi tena uchochoroni, na kwa miaka kadhaa, ulipofika msimu ule, Babu Pasi alikuwa bado akifuta kiti kile asubuhi.

TULIYOYAFANYA

Hatukukaa tukilia. Milango yote kumi na mmoja ina namba ya mlipakodi, imebandikwa ukutani, hata ya fundi saa ambaye duka lake linaingia mtu mmoja tu, na mteja husimama nje. Tumenunua mashine za risiti. Tunapeleka taarifa zetu za mapato kwa simu, na asiyejua hubonyezewa na anayejua, kwa malipo ya soda. Babu Pasi kazi ya udobi amemwachia binti yake, mwenye pasi ya umeme na wateja wengi kuliko alivyokuwa nao baba yake, ingawa hilo huwa halisemwi mbele ya baba. Kazi moja tu hakuiachia, ile ya mifuko kumi na mmoja.

Na mwenzetu Mama Mishono, binti wa fundi aliyemwazima Bwana Makadirio chaki, mwaka jana alinunua mashine ya ovaloki, ile ya kufunga nyuzi kwenye pindo. Kwa mashine hiyo akapata kazi ya sare za shule nzima. Mama yake alishona maisha yake yote kwenye mlango huohuo na pindo zote alizifunga kwa mkono. Tulipoiwasha mara ya kwanza tulisimama mlangoni sote, tukaisikiliza tu.

YALIYOTUKUTA

Mwaka huohuo ndio wa kwanza ambao kila tuliyenunua kwake alitupa risiti ya mashine. Zikiwa zimebaki siku mbili kupeleka taarifa, mifuko kumi na mmoja ilikuwa imepangwa juu ya meza ya Babu Pasi. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu la kufungia hata kitumbua. Hapo ndipo radi ilipoingia dirishani. Haikupiga kelele. Ilizunguka meza kama mteja anayetafuta suruali yake, ikanusa mfuko wa kwanza, ikanusa wa pili, ikaenda hivyo hadi wa kumi na moja, kisha ikatoka kwa mlango wa mbele bila kugusa shati hata moja la mteja. Tulipofungua mifuko, risiti zilikuwa nyeusi kama sufuria.

Tulizipeleka hivyohivyo. Ofisa wa dirishani aliinua moja kwenye mwanga, akaigeuza, akaturudishia kwa upole. Risiti isiyosomeka haithibitishi gharama, alisema, na gharama isiyothibitishwa haitolewi. Hatumlaumu. Lakini makadirio yalipokuja, sote tulihesabiwa mauzo kama kwamba hatukununua uzi, wembe, sukari wala gundi mwaka mzima. Wengine wetu tutajibana tutalipa. Mama Mishono hawezi. Mauzo ya sare yameonekana yote, mashine iliyoshona sare haikuonekana kabisa. Ili alipe kodi hiyo lazima auze mashine, na akiuza mashine kazi ya sare inaondoka, na pango la mlango wa mama yake linaondoka nayo. Siku za kuweka pingamizi zinakwisha Ijumaa hii. Watu wawili wamekwisha kuja kuipima mashine kwa futi, waone kama itapita kwenye milango yao.

MASAHIHISHO YA KIKAO

Mgeni rasmi, jana mchana risala hii ilisomwa mbele ya kikao kwa majaribio. Kikao kimeamua kwamba ukurasa wa radi usichanwe. Babu Pasi ausome kwa mdomo wake mwenyewe, kama alivyokwisha kuusoma, kisha asome na huu. Mama Mishono amesimama nyuma yake ili ukurasa huu usije ukarukwa kwa bahati mbaya.

Ilikuwa hivi. Alipofika kwenye radi, Mama Mishono aliinua mkono.

"Babu, rudia hapo."

Akarudia, na safari hii radi ilikuwa imeongezewa mkia wa kijani.

"Radi iliyohesabu mpaka kumi na moja bila kukosea," kinyozi akasema, "tuiajiri ikusanye michango ya umoja."

"Cheka tu," Babu Pasi akamwambia. "Wewe ulikuwa umelala."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa uliyokuwa umelala."

Mama Mishono hakucheka. Alifungua mfuko wake, akatoa risiti moja ya uzi iliyokuwa imechungulia nje kidogo kwenye mdomo wa mfuko. Nusu ilikuwa nyeusi, nusu nyeupe, na mpaka kati ya weusi na weupe ulikuwa umepinda pande mbili, ukakutana kwenye ncha. Akaiweka mezani. Akaivuta pasi ya jogoo, akaisimamisha pembeni mwa ile karatasi, ncha kwa ncha. Zililingana kama mguu na kiatu chake.

"Babu," akasema, "radi hii ina pua."

Binti yake Babu Pasi ndiye aliyesema kwanza, na hakuinua sauti.

"Baba, nilikwambia karatasi hizi si zile za zamani. Haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto. Ukizipa joto tena zinaandika ukurasa mzima."

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

"Karatasi ni karatasi," Babu Pasi akasema.

"Na ulizipa vikombe vingapi?"

"Viwili viwili. Kama kawaida."

Mama Mishono akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mimi sina ugomvi na pasi, babu. Mama yangu ndiye aliyekushonea mifuko. Lakini barua ya pingamizi inanitaka nieleze risiti ziliharibikaje, na nitie saini kwamba ni kweli. Nikiandika radi, mtu atauliza mvua ilinyesha lini, na hapo mashine yangu imekwenda. Nikiandika pasi, nahitaji shahidi. Na shahidi ni mmoja tu."

Babu Pasi alimtazama jogoo wa shaba. Tunaandika alichokuwa akiwaza kwa sababu baadaye alikisema, na kwa sababu ni kweli. Hakuwa akiogopa faini. Alikumbuka kiganja cha Bwana Makadirio kikipita juu ya karatasi. Alikumbuka kwamba katika miaka yote ile hakuna mfuko uliowahi kurudi na hata alama ya moto. Alichoogopa ni msimu ujao, kukaa na maji ya chai yaliyochemka na asione mfuko hata mmoja ukiletwa.

"Andika pasi," akasema. "Nitatia saini."

Kikao kikampa adhabu. Azunguke kwa miguu kwa wauzaji wote waliotuuzia vitu mwaka jana, aombe nakala. Ameanza asubuhi ya leo, na muuza vifungo amemkalisha kusikiliza kisa cha radi mara mbili, maana hata huko alikuwa ameshakipeleka. Kisha tuliambiwa kwamba ile sehemu ya kodi ambayo Mama Mishono haibishii lazima ilipwe ndipo pingamizi lisikilizwe, na mkononi hakuwa na kitu. Hiyo hatukumpangia Babu Pasi. Alisimama mwenyewe, akachukua akiba yake kwenye kopo la wanga, haikutosha. Basi akambeba jogoo wake hadi mgahawa wa kona. Mwenye mgahawa alikuwa akiitamani pasi ile kwa miaka, aiweke rafuni juu ya birika kama pambo. Alimpa bei nzuri na akamwahidi kwamba akija kunywa chai atakaa upande wa kuiona. Leo mlango wa benki ulipofunguliwa, Babu Pasi alikuwa wa kwanza.

Kikao pia kinaomba ieleweke kwamba paka alikuwa wa kinyozi.

TUNAYOYAOMBA

Mgeni rasmi, hatuombi kusamehewa kodi. Tumelipa tangu ikiwa na miguu miwili. Tunaomba tukatwe ile ya kweli.

Tumeelezwa kwamba kila risiti ikitoka kwenye mashine ya muuzaji, habari zake hufika ofisini kwako papo hapo. Kama ndivyo, basi risiti zetu nyeusi kwako bado ni nyeupe. Tunaomba ofisi yako ifungue macho yake hayo kabla ya Ijumaa, ianze na mashine ya ovaloki, ione kwamba ilinunuliwa, lini na kwa nani. Ikiwa kuna ambazo hazikufika, tunaomba nakala anazozikusanya Babu Pasi zikubaliwe pamoja na maelezo ya pingamizi, ambayo safari hii hayana radi.

Jingine ni dogo. Tunaomba mtu mmoja wa ofisi yako aje hapa hata mara moja kwa miezi mitatu, akae saa mbili, atuambie kilichobadilika kabla hakijatuunguza. Kwamba karatasi za sasa hufifia juani na huungua kwa joto, kwamba zitolewe nakala au zipigwe picha siku ileile, mambo hayo tumeyajua kwa kupoteza mwaka. Dirishani kwako tunajibiwa vizuri, lakini dirishani mtu huuliza lile analojua kuuliza tu. Bwana Makadirio alituuliza yeye. Meza tunayo. Kiti kimekazwa soli. Na chaki tunayo, hatutamfanya aazime.

Na mifuko, mgeni rasmi. Jana jioni, Babu Pasi aliporudi kutoka mgahawani mikono mitupu, alikuta mifuko yote kumi na mmoja mezani kwake, mitupu, imekunjwa. Alidhani amerudishiwa kazi yake usoni. Mama Mishono akamwambia avue miwani aifute, halafu asome karatasi iliyopachikwa juu. Iliandikwa kwamba kuanzia mwaka huu risiti zote za uchochoro zitakaa kwake, zitatolewa nakala siku ya kwanza ya kila juma, na mifuko atailinda yeye, mbali na moto, mbali na jua, na mbali na binti yake mwenye pasi ya umeme. Malipo yake ni chai, vikombe viwili, na mwenye mgahawa atavitoa.

Ahsante kwa kutusikiliza bila kutazama saa. Mungu akupe siku ndefu na karatasi zinazosomeka, awape afya unaowaongoza, na akurudishe kwenu salama kwa njia nyepesi kuliko uliyojia.

Ni sisi wako, wenye milango kumi na mmoja,

Umoja wa Wafanyabiashara Wadogo wa Uchochoro wa Nyuma ya Soko.

Imesomwa na mwandishi wake, chini ya uangalizi.

Kiambatisho: risiti moja ya benki, ya malipo ya leo asubuhi. Haijapigwa pasi.